Nafasi Nne kwenye Gari la Farasi

Savannah, 2 Machi 1997

Mwanangu Renard,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Kirsten na wajukuu wangu. Mimi mzima, ila sikio hili la kulia limeshakufa kabisa, na la kushoto linalifuata. Ukipiga simu nasikia mvumo tu, kama mtu anakaanga samaki. Ndiyo maana naandika.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Mnakuja! Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa, na Maren na Elias siwajui ila kwa picha. Chumba chako nimekipaka rangi. Godoro nimelianika juani, na jirani Cleophus alinisaidia kulirudisha ndani huku akinitania: "Bi Luvenia, anakuja mwana au anakuja gavana?" Nikamwambia gavana ningemwacha barazani.

Kaa nimeshaagiza. Wali mwekundu na bamia niachie mimi. Watoto wanakula kaa? Niambie, nisije nikawatisha.

Mama yako

*

Minneapolis, 11 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ingawa theluji ya huku bado inafika magotini.

Mama, niwie radhi, nilidhani nimeshakueleza. Kirsten amechukua vyumba hotelini, kando ya mto. Watoto wanataka bwawa la kuogelea, naye amepanga kila siku na shughuli yake: nyumba za kale, ngome, gari la farasi, pwani. Anasema hii ndiyo safari yetu ya kwanza kama familia na anataka iende sawasawa. Lakini Alhamisi jioni ni yako, tutakuja kula. Na Ijumaa tutembee mjini sote. Tafadhali usijichoshe.

Mwanao, Renard

*

Savannah, 17 Machi

Mwanangu,

Barua imefika. Mimi sijambo.

Hoteli hiyo naijua. Zamani ilikuwa ghala la pamba, na babu yako alibeba marobota mle ndani. Haya, Alhamisi basi. Nitapika mapema.

Mama yako

*

Minneapolis, 8 Aprili

Mama,

Shikamoo. U mzima? Nimepiga simu, haipokelewi. Sisi tulifika salama.

Najua Alhamisi tulikukosea. Foleni ya kutoka pwani haikusogea, watoto walikuwa wameungua na jua, na tulipofika kwako wamelala garini, hawakushuka. Kirsten akabaki nao. Mimi nikala wima, kama mtu anayesubiri basi. Meza niliiona ulivyoiandaa, Mama. Niliiona.

Ila Ijumaa sikuielewa. Tulikuacha kwenye benchi la kile kiwanja chenye bustani kwa muda mfupi tu. Tuliporudi, hupo. Tukakutafuta kiwanja hadi kiwanja, Elias analia, Kirsten ananilaumu. Tulikuja nyumbani tukakuta pamefungwa. Kesho yake asubuhi ikabidi tuwahi ndege. Mbona uliondoka bila kuaga?

Mwanao

*

Savannah, 19 Mei

Mwanangu Renard,

Natumaini hamjambo. Mimi nimepona mafua. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika, maneno yalikuwa makali, na sikutaka yakufikie hivyo. Sasa yamepoa.

Unakumbuka gari la farasi lilikuwa na nafasi nne. Nanyi mlikuwa wanne. Ukaniambia, "Mama, wewe mji huu unaujua, pumzika hapa tunarudi." Ulisema kwa upendo, siwezi kusema vinginevyo. Nikakaa na kofia yangu ya Pasaka, chini ya ile miti yenye majani yanayoning'inia kama ndevu.

Akaja bwana mmoja na kamera, mgeni. Akasema, "Bibi, usisogee, umekaa vizuri sana hapo." Akanipiga picha, akaenda zake bila hata kuniuliza jina. Sikumjali. Wageni ndivyo walivyo.

Kisha nikaliona gari lenu linazunguka kiwanja. Dereva alikuwa ameshika kipaza sauti, anaeleza habari za nyumba ile yenye roshani ya chuma. Nikainua mkono. Elias akanipungia, lakini mwanangu, alinipungia jinsi mtoto anavyompungia mtu yeyote aliye kando ya njia. Maren akatazama, asinitambue. Na wewe ulikuwa umeinua kamera. Uliigeuza kutoka kwenye nyumba, ikapita kwenye mti, ikapita kwangu, ikaendelea. Haikusimama.

Hapo ndipo nilipoinuka. Sikukasirika, Renard. Hasira ingenisaidia. Nilijiona tu sina kazi pale.

Kwenye basi nilikaa na Ozella Mungin, tuliyesoma naye shule. Akanitazama juu hadi chini. "Luvenia, kofia ya Pasaka leo Ijumaa, kulikoni?"

"Natembezwa mji," nikamwambia.

"Mji huu huu? Uliozaliwa humu? Na nani?"

"Na wageni."

Akacheka mpaka abiria wakageuka. Mimi nikaanza kucheka, halafu ikawa si kicheko tena.  Ozella alipofika kituo chake alinishika mkono tukashuka pamoja, nikalala kwake mpaka kesho yake. Ndiyo maana mlikuta pamefungwa. Kutoaga ni kosa langu, na watoto waambie bibi yao hakupotea.

Mama yako

*

Minneapolis, 24 Agosti

Mama,

Shikamoo. Natumai joto la huko halikusumbui. Mimi afya ninayo.

Barua yako nimekaa nayo kiangazi kizima. Kuna jambo sikukwambia. Kirsten na mimi tumeachana. Kabla ya kuja huko tulikuwa tumeshafika ukingoni, na safari ile ndiyo ilikuwa jaribio la mwisho. Ndiyo maana kila alichopanga nilikubali, hoteli, pwani, vyote. Niliogopa nikibadili kitu kimoja tu, yote yataporomoka. Yakaporomoka vilevile. Watoto wanakaa naye. Mimi nimepanga chumba juu ya duka la vifaa vya uvuvi, na jioni sijui hata niwashe redio ya nini.

Krismasi nataka kuja. Peke yangu, bila hoteli. Nataka kulala chumbani kwangu na kula mezani kwako, nimekaa. Niambie nije.

Mwanao, Renard

*

Savannah, 7 Septemba

Mwanangu,

Pole. Pole sana, baba. Nimelia, kisha nimekuombea, kisha nimekasirika kidogo kwamba ulibeba mzigo huo mbele yangu wiki nzima wala hukuniambia, "Mama, nishikie."

Njoo. Lakini nikwambie ukweli usije ukashtukia mlangoni. Chumba chako anakaa Ozella. Nyumba aliyokuwa amepanga, mwenye nyumba aliiuza, wanaigeuza ya kulaza wageni, akawa hana pa kwenda. Nilikutunzia chumba hicho tangu ulipoondoka kwenda chuo, nikikifuta vumbi kila Jumamosi kama vile utaingia Jumapili. Siwezi kumtoa mtu ili nirudi kufuta vumbi.

Kochi la sebuleni lipo. Ni fupi kwa miguu yako, tutaongezea kiti. Njoo, mwanangu.

Mama yako anayekupenda

*

Minneapolis, 6 Januari 1998

Mama,

Shikamoo, na umwamkie Mama Ozella. Nilifika salama. Theluji ilikuwa imeziba mlango, nikaanza kuichota kwa koleo kabla hata ya kuvua koti.

Asante kwa kila kitu. Asante kwa kaa, na kwa kutoniuliza maswali.

Kuna jambo sikuweza kulisema nikiwa huko. Alasiri ile ya mwisho mlidhani nimelala. Nilikuwa macho, nimejilaza kwenye kochi, nanyi mko jikoni mnamenya kamba. Ozella akasema kitu, sikukisikia, nawe ukacheka. Mama, sikuwahi kukusikia ukicheka hivyo, si wakati wa baba, si nilipokuwa mdogo. Ulicheka mpaka ukaomba maji.

Nilitaka kuinuka nije niwaulize mnacheka nini. Nikaweka miguu chini kabisa. Halafu nikafikiri, nikiingia mtanyamaza, mtanivutia kiti, mtaniuliza kama nina njaa, na kile kicheko kitakuwa kimekwisha. Nikairudisha miguu juu, nikafumba macho, nikasikiliza.

Mwanao