Jiwe la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Orodha ya ruzuku imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kilimo. Nimeifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Nipo! Shamba: nusu eka. Nusu? Nalima eka mbili, mgongo wangu shahidi. Na chini ya eka moja hupati kitu. Nikashuka mpaka kwa shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Mwaka jana eka tatu, leo nne na nusu. Hesabu hiyo hata mbuzi wangu anaiweza.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza jirani, muuza maziwa. Huyo hapitwi na jambo. Eti walipima siku ile niliyokuwa kliniki na mjukuu. Bwana shamba, kijana tu, alikuja na viatu vyeupe, vipya. Wanapima kwa kuzunguka shamba na simu mkononi, simu ndiyo inahesabu. Alipofika kwenye tope shemeji akamwambia asijichafue, shamba la mama linaishia hapo, kule chini ni kwake. Na kijana akaandika! Nimelia kidogo, kisha hasira ikanishinda. Si ruzuku tu. Kinachoandikwa leo ofisini, kesho ndio mpaka.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisini. Bwana shamba heshima tele, shikamoo mama, karibu mama — lakini marekebisho mwisho kesho, na ana watu arobaini. Haya. Nikakaa. Saa nne, saa sita, saa tisa. Mfagiaji akafagia kunizunguka. Mwishowe kijana akacheka, akasema atakuja asubuhi. Nikamuuliza, na viatu vile? Akainama.

Ijumaa, 7 Machi
Siku yangu!
Kaja na viatu vilevile. Nikamtolea buti za marehemu, miaka mitatu zipo chini ya kitanda. Vaa, mwanangu. Zikamkaa sawasawa — ikabidi nigeuke nifute macho.
Mimi mbele, yeye nyuma na simu yake, tope mpaka magotini. Shemeji huyo, mbio, kandambili mkononi, anapayuka kuwa huko ni kwake. Nikamwambia basi tangulia, tuonyeshe mawe ya mpaka. Jiwe la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu — halioni! Anageuka huku, anageuka kule. Atalijua wapi? Baba mkwe na marehemu walipokuwa wakiyachimbia mawe ya mashamba yote mawili, langu na lake, mimi ndiye niliyeyabeba kichwani, yeye kalala. Nikafunua majani kwa mguu. Hilo hapo.
Njia ya mwongo ni fupi, yake imeishia jiwe la pili.
Eka mbili na robo. Na robo! Muuza maziwa alipiga vigelegele mpaka kidumu kikamponyoka.

Alhamisi, 20 Machi
Ujumbe umeingia naosha vyombo. Ruzuku, jina langu, eka zangu zote! Nimeusoma mara tano. Nimemsomea na mjukuu, akauliza hadithi imeishia hapo? Buti nimeziweka mlangoni. Hazirudi chini ya kitanda.
Hodi. Nimechungulia — shemeji! Shati limepigwa pasi, sauti asali tupu. Shemeji yangu, tuongee kifamilia. Eti bwana shamba anampima upya kesho, shamba zima, na asipoonyesha mawe yake yote anafutwa kwenye orodha. Eti mimi nayajua.
Nayajua, ndiyo. Yote.
Hodi tena. Asubiri, naandika. Jibu sijalipata bado, ila mguu mmoja nimeshauingiza kwenye buti, na wa pili unafuata.