Weusi wa Bampa la Baba Unaondoka na Mvua

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa hapa kazini, na naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana jambo nililolianza kwa nia njema limenigeuka na sasa maji yamenifika shingoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naosha magari, nina sehemu yangu yenye mabomba mawili na paa la mabati, na baba yangu ni dereva mstaafu wa gari la wagonjwa ambaye macho yamefifia na haendeshi tena, lakini gari lake dogo la bluu bado liko uani, na jua limelipiga miaka minne mpaka plastiki zake nyeusi zote, bampa, madigadi, vishikio vya milango, zimepauka kama miguu isiyojua mafuta, na baba kila akitoka nje alikuwa analipapasa na kusema, "Tumechakaa wote, mwenzangu."

Neno hilo lilinichoma, basi miezi miwili iliyopita nikanunua kichupa cha ile dawa ya kupaka kwa kitambaa, wanayosema inarudisha weusi wa kiwandani, nikakung'uta vumbi juu juu nikapaka, na mshauri, gari lilimeta! Baba aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa bampa, akasema, "Mwanangu, umelifufua," kisha akaenda kuita majirani mmoja mmoja waje waone, na mmoja wao ni mwalimu wa udereva, mtu mkimya tunamwita Breki, mwenye magari sita ya kufundishia ambayo yamepauka vilevile.

Siku ya tisa mvua ikanyesha, na nilipopita pale nikakuta michirizi myeusi imeshuka kwenye milango ya bluu kama wanja wa mtu aliyelia, na bampa limerudi kijivu chake. Baba alikuwa amejipumzisha baada ya chakula cha mchana, nikafuta haraka haraka, nikapaka tena, nikaondoka kwa kunyata, na tangu hapo kila Alhamisi akilala mimi naingia uani kwa baba yangu mzazi kama mwizi.

Wiki iliyopita Breki akaja akasema, "Nataka magari yangu yawe kama la mzee. Kazi ikikaa, yote sita yatakuwa yanaoshwa kwako." Kabla sijafungua mdomo baba akadakia, "Kazi ya binti yangu haitoki hata kwa gharika!" Nami, kwa aibu yangu, nikasema alete la kwanza Jumatatu. Mshauri, kazi hii nimeiomba Mungu miaka mitatu. Je, dawa hizi zinafanya kazi kweli au nimeuziwa mafuta tu? Na nitamwambiaje baba, ambaye hana tena cha kujivunia isipokuwa gari lile na mimi?

Ni mimi, Mpaka Weusi.

JIBU

Pole, mwanangu. Sasa nisikilize, maana pole yangu imeishia hapo.

Wewe ni muosha magari mzima, ukapaka dawa juu ya vumbi? Mpishi hapiki kwenye sufuria chafu. Nimemuuliza fundi rangi mmoja aliyeshika mabampa miaka zaidi ya ishirini, na jibu lake ni kwamba dawa hizi ziko za namna mbili. Moja ni mafuta mafuta, inakaa juu, inanata, inakusanya vumbi, na mvua ikija inaondoka nayo. Hiyo ndiyo uliyouziwa. Nyingine inakauka na kugandamana na plastiki, nayo hudumu miezi, mradi plastiki iwe safi kabisa. Hakuna inayodumu milele, na plastiki iliyopasuka haina dawa, ni kubadilisha.

Kuhusu baba yako nilikupigia simu Jumamosi nikakwambia usingoje gazeti, nenda leo leo. Ulilia kwanza, halafu ukaenda, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji. Ulimkuta kwenye kiti chake mlangoni ukamwaga yote. Mzee akasema, "Macho yangu mabovu, vidole vizima. Kila Alhamisi jioni nikishika bampa linanata, najua umekuja. Nilinyamaza ili usiache kuja."

Kumbe mlikuwa mnafichana wote wawili! Mzee wa watu anasingizia usingizi, binti ananyata. Nitawagombeza wote: yeye angekuita, nawe ungebisha hodi. Kuanzia sasa nenda akiwa macho, unywe naye chai, na umpe kitambaa naye afute. Kazi ya vidole anaiweza.

Kwa Breki nilikutuma peke yako, nawe ukaenda. Ulipomwambia weusi ule ulitoka kwa mvua moja, alisema, "Wanafunzi wangu wakigonga ukuta, husema ukuta umesogea. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia umegonga mwenyewe." Akakuachia gari moja la majaribio. Moja, si sita. Mwanangu, hilo ni dirisha, usilifunge kwa pupa.

Basi fanya hivi. Nunua ile inayokauka. Osha plastiki kwa sabuni na brashi mara mbili, mpaka maji yatoke meupe, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo kutoa mafuta ya zamani. Acha ikauke hata kwenye mianya. Fanya kazi kivulini, jua kali litaikausha dawa kabla hujaisambaza. Ziba nusu ya bampa kwa utepe wa gundi, upake nusu ya pili tu, kwa wembamba, ufute inayozidi, na gari lisiguse maji siku nzima. Halafu Breki aliendeshe kama kawaida, juani na kwenye matope, mwezi mzima, huku nusu mbili zikionekana kwa kila mwenye macho.

Usiguse tena hata kwa kidole. Mvua tatu zikipita na weusi ukabaki, mpigie Breki, umwahidi miezi na si miaka. Weusi ukitoka, mpigie pia, siku hiyo hiyo.