Ushanga wa Bibi Kwandu

Bariadi, 4 Februari 2024

Mayu, mama yangu, mwangaluka. Hamjambo nyumbani? Mvua imefika shambani?

Naandika kwa sababu kwenye simu ninalia. Mwalimu mkuu, Danford, amenipa likizo hadi Mei. Nisipotulia, darasa langu atapewa mwingine. Nilimfokea mtoto kwa kudondosha kalamu tu. Mikono inatetemeka, moyo unakimbia nikiwa nimekaa. Daktari alisema ni ugonjwa wa akili, akanipa vidonge. Nalala, moyo haulali. Nimeanza kuamini usemavyo, kwamba marehemu bibi Kwandu ananitaka niwe mganga kama yeye. Ushanga wake niliourithi, huu ninaouvaa shingoni, unanikaba.

Mwanao, Minza

Mwamapalala, 19 Februari 2024

Mwanangu, mwangaluka. Sisi wazima, pamba imeota, ndama wako ni mkorofi kama wewe. Unakula? Baba yako anasema Krismasi ulimaliza ugali wa watu watatu, na bado umekonda kama fito.

Ushanga usiukate! Niliuongeza uzi Krismasi. Ukibana, ongeza tena. Bibi akikaza, anaita. Tukivuna tutakuchezea ngoma ya kukuingiza kwenye uganga, uuache huo ualimu.

Mama yako, Nyamizi

Bariadi, 30 Machi 2024

Mayu, shikamoo. Baba na ndama hawajambo?

Nimeongeza uzi, kisha nikaupima: vidole vitatu zaidi ya Krismasi. Sketi zote zinanivuka kiunoni, shingo peke yake inanenepa. Nikajiuliza, ni bibi anayekaza uzi, au ni mimi ninayeujaza?

Nikaenda hospitali nyingine. Daktari Elizabeth akanipa maji, akanitazama shingo nikimeza, akapima damu. Tezi ya shingoni inamwaga homoni kupita kiasi. Ndiyo inayonitetemesha na kunipandisha hasira. Sijarukwa na akili, Mayu. Nimeanza dawa. Tafadhali, ngoma isimame.

Minza wako

Mwamapalala, 26 Mei 2024

Mwanangu, hali yako siulizi, nimeisoma kwenye mwandiko wa barua yako ya juzi. Februari herufi zilikuwa zinacheza. Sasa zimekaa kwenye mistari.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikasirika, nikaona unamkana bibi yako. Kisha nikamkumbuka mama yangu, huyo bibi yako Kwandu, alivyokuwa: shingo nene, macho yametoka, akila kuliko wanaume, kikombe kikigonga meno. Sisi tukampigia ngoma. Hakuna aliyempa maji akamtazama akimeza.

Ngoma yako tumeifuta. Beberu tuliyetaka kumchinja siku hiyo amefurahi kuliko wote. Unasema umerudi darasani na ushanga umelegea. Punguza uzi, usiuvue. Bibi akae shingoni kwako kama bibi tu.

Ijumaa nakuja, unipeleke kwa huyo Elizabeth. Ushanga wangu mimi nao nimeshauongeza uzi mara moja.

Mama yako