Amri Sita kwa Jina la Mzee Ntagaye

Jumatatu, 1 Septemba
Umeme umerudi saa nne. Nimeendelea nilipoachia. Amri ya programu ya kuorodhesha vyumba inajibu. Amri ya kusoma taarifa za wasimamizi inajibu pia, baada ya kunitukana wiki nzima kwamba simo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Imebaki moja, ya kufunga mkataba wa mpangaji aliyehama. Unaiita kwa jina, unaipa namba ya chumba, basi. Chumba kinahesabika kitupu na anayesubiri anapelekewa ujumbe.

Bwana Kassimu ana nyumba nne za kupangisha: Gungu, Kasingirima, hapa Katubuka, na Kibirizi kule mwaloni, wavuvi wanakoshushia dagaa. Programu ya kusimamia wapangaji kainunua kwa kampuni ya mbali. Hataki karani wa kukaa anabonyeza. Anataka skripti yangu, maagizo ninayoiandikia kompyuta, iizungumzishe yenyewe kila jioni saa kumi na mbili. Ikifanikiwa, atanipeleka kwa wenzake wenye majumba. Naihitaji kazi hii. Nimerudi Kigoma kutoka Dar nikajigamba kwa watu wote kwamba kompyuta inafanya kazi popote.

Jumanne, 2 Septemba
Kibirizi kwa bodaboda, vumbi mpaka menoni. Nimemfundisha Mzee Ntagaye kujaza taarifa kwenye simu. Ndiye msimamizi wa nyumba ile tangu mimi niko shule ya msingi, na chumba chake kiko getini. Kila Jumatatu na Alhamisi atapita mlango kwa mlango, kisha abonyeze: yupo, au hayupo. Ameshika haraka kuliko nilivyotegemea. Miwani imefungwa kwa uzi.

Alikuwa na daftari lake la zamani, ana alama tatu humo, mimi nimempa mbili. Akaniuliza, mwanangu, na aliyekwenda kwao kwa ajili ya mbalamwezi namwandikaje? Bodaboda ananipigia honi nje. Nikamwambia andika hayupo, mzee, si kweli hayupo? Akasema kweli hayupo.

Jumatano, 3 Septemba
Kikwazo cha kipuuzi. Ufunguo wangu wa kuingilia, ile mistari ya herufi na tarakimu, unafika nyumba tatu tu. Kibirizi iliingizwa baadaye. Kampuni wanataka barua ndipo wanipe mwingine. Bwana Kassimu anataka kuona kitu kesho.

Nimetumia ufunguo wa Mzee Ntagaye. Yeye anao, maana ndiye msimamizi, ingawa hajui kama upo. Skripti itaingia Kibirizi kwa jina lake. Nitabadilisha baadaye. Kila fundi wa kompyuta ninayemjua ameshasema maneno hayo.

Alhamisi, 4 Septemba
Skripti imefanya kazi. Nyumba nne, hakuna kosa hata moja. Bwana Kassimu kasimama nyuma yangu amekunja mikono, anatabasamu. Sharti ni lake: asiyeonekana taarifa tatu mfululizo amehama, mfungie. Kisa ni chumba cha Kasingirima. Mtu aliondoka kimyakimya, kufuli likakaa miezi, watu wanalala kwa ndugu zao wakisubiri chumba. Nimeona ana hoja. Nimeandika sharti hilo kwa mistari minne, nikajisifu kwa ufupi wake.

Jumatatu, 8 Septemba
Mwezi jana ulijaa, uani kweupe kama mchana. Nimekaa nje nikaufurahia.
Taarifa zimeingia zote. Kibirizi vyumba sita vimeandikwa hayupo, kama Alhamisi. Sikufikiri lolote.

Alhamisi, 11 Septemba
Saa kumi na mbili na dakika mbili. Amri ya kufunga mkataba imeitwa kwa mara ya kwanza kwenye vyumba vya kweli. Mara sita, yote Kibirizi. Seva, kompyuta ya kampuni, imejibu Sawa. Sawa. Sawa. Sawa. Sawa. Sawa. Watu wanne kwenye orodha ya kusubiri wamekubali vyumba kabla sijamaliza kula. Bwana Kassimu kanitumia ujumbe: Hongera binti.
Nina furaha ya kijinga kabisa. Nimempigia baba aliyeko Gungu kumweleza. Hakuelewa kitu, akafurahi.

Ijumaa, 12 Septemba
Asubuhi yote ofisini kwa Bwana Kassimu, namwonyesha yeye na rafiki yake mwenye nyumba za Mwanga. Simu ikatetema mezani. Mzee Ntagaye. Nikaigeuza uso chini. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu. Sikupokea. Mbele ya mteja mpya hupokei simu ya mtu anayeweza kuwa amesahau tu neno la siri.
Nilipompigia mchana, hakupatikana.

Jumamosi, 13 Septemba
Niandike kama ilivyokuwa.

Kibirizi, saa tatu asubuhi. Barazani kuna rundo: magodoro, sufuria, neti, karabai, beseni la nguo za mtoto, vyote vimefunikwa turubai. Fundi wa Bwana Kassimu alikuja jana akakata makufuli sita. Wapangaji wapya wamo ndani kwenye vyumba vinne. Mzee Ntagaye alimzuia fundi kwa maneno, kisha kwa mwili, kisha akanipigia simu. Mara tatu. Baadaye chaji ikamwishia.

Mama Riziki alikuwa amekaa juu ya gunia lake la maharage. Ni mwanika dagaa, chumba namba nne. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi haitoki, na watu wa mwaloni wanakwenda kwao. Yeye kwao Kalinzi. Giza likirudi, wanarudi. Ndivyo ilivyo kila mwezi tangu sijazaliwa. Mimi mtoto wa Kigoma. Nimekula dagaa maisha yangu yote. Nyumbani mama alikuwa akisema leo hakuna dagaa, ni mbalamwezi, na mimi nikalia nikataka dagaa. Nilijua. Nilijua na sikufikiri.

Na mzee aliniuliza. Kwa mdomo wake. Nikasikiliza honi.

Kisha Bwana Kassimu akafika na karatasi. Ameichapa historia ya programu. Vyumba sita, mkataba umefungwa, aliyefunga: Ntagaye. Akaisoma kwa sauti mbele ya watu. Akasema skripti ingeandika jina la binti, kama nyumba nyingine, hapa mtu ameingia mwenyewe. Akasema mzee ameuza vyumba vya watu.

Wote wakamgeukia Mzee Ntagaye. Aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Hakusema neno.
Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mimi pia sikusema neno.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani sikusikia mahubiri.

Nimeusoma mwongozo walioandika kampuni kuhusu amri zote, ukurasa kwa ukurasa. Ipo ya kufungua mkataba mpya. Ya kufuta kufunga, haipo. Wala hakuna ya kubadilisha jina kwenye historia. Ni mwoga mimi, maana hicho ndicho nilichokitafuta kwanza, kabla hata sijatafuta namna ya kumrudishia Mama Riziki chumba.

Nimejiambia mambo mengi. Kwamba sharti ni la Bwana Kassimu. Kwamba fomu ya kwenye simu ilikuwa na mahali pa maoni, mzee angeandika. Kwamba yeye ni mtu mzima, watu watamhurumia, mimi nikianguka sasa sisimami tena mji huu. Yote yana ukweli kidogo, na yote nimeyaandika hapa ili niyaone yalivyo mabaya.

Mama Riziki analala kwa shoga yake mwaloni. Nimeuliza. Wawili wa wale sita wameshachukua mizigo yao na kuondoka, hakuna ajuaye wapi.

Jumatatu, 15 Septemba
Saa mbili Bwana Kassimu kapiga simu. Anataka nimchapie historia nzima, kila kitu alichowahi kubonyeza Ntagaye, aipeleke kwa mtendaji wa kata. Mzee ameshaambiwa akabidhi funguo na ahame chumba cha getini kabla ya Jumamosi. Nikasema sawa. Neno lile lile la seva. Nikakata simu.

Nimechapa. Halafu nimechapa na skripti yangu, kurasa tatu. Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu mahali ufunguo wa mzee umeandikwa. Nikaenda ofisini kwa miguu, nisije nikafika haraka kabla sijakomaa moyo.

Nilimweleza kwa kusimama. Ufunguo ni wa mzee, mkono ni wangu. Saa kumi na mbili na dakika mbili, siku zote, na siku ile mzee alikuwa msikitini, watu wamemwona. Neno hayupo aliliandika kwa sababu mimi nilimwambia aandike. Bwana Kassimu aliuliza swali moja tu: Jumamosi ulikuwepo? Nikasema nilikuwepo. Akaniangalia muda mrefu. Ningependelea anipige kofi.

Kazi hakuna tena. Rafiki yake wa Mwanga ameshaambiwa, nilimsikia akimpigia nikiwa bado mlangoni. Skripti ameamuru niizime na nimeizima mbele yake. Amesema mzee ataendelea kama kawaida, na kwamba atamtuma mtu akamwambie. Nikamwomba anitume mimi. Akasema utajijua.

Nimelia njiani, mwanamke mzima, mbele ya wauza mawese. Sijali.

Jumanne, 16 Septemba
Kibirizi mapema. Moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika ziwa, ng'ambo haionekani. Mpangaji mpya wa namba nne ni kijana wa bandarini, amekubali kuhamia Gungu, na Mama Riziki alikuwa anafagia ndani ya chumba chake. Aliitikia salamu yangu. Hakuongeza kitu. Wale wawili bado hawajapatikana.

Mzee Ntagaye alikuwa anafunga godoro kwa kamba, chumba cha getini. Nikamwamkia. Marahaba, mwanangu. Akaanza yeye kabla sijafungua mdomo. Akaniomba msamaha. Alikuwa ameshapita mlango kwa mlango kuwaomba wapangaji msamaha, na wale wawili aliwafuata mpaka Katonga, hakuwakuta. Alisema jina lake lipo kwenye karatasi, kwa hiyo lazima atakuwa alibonyeza, ila hakumbuki. Amekwishampigia mwanawe wa Kasulu aje amchukue. Kamwambia baba yenu asiachiwe tena funguo za watu.

Nikamwambia. Nilimweleza mwanzo mpaka mwisho, na Jumamosi nayo, kwamba nilikuwa nimesimama pale na ninajua. 

Aliendelea kushika ile kamba. Nilingoja anifukuze, au aniambie amenisamehe, lolote kati ya hayo.

Akauliza, kwa hiyo mimi sikubonyeza?
Hukubonyeza, mzee.
Hata kwa bahati mbaya?
Hata kwa bahati mbaya.

Akaketi juu ya godoro. Akavua miwani, akasema taratibu, akijiambia mwenyewe: basi akili yangu bado ipo.

Nikaketi sakafuni. Tulikaa hivyo mpaka simu yake ikaita, mwanawe, yuko stendi ya Kasulu anauliza apande gari gani.