Tairi la Mbele Ambalo Sikulibonyeza

Mshauri mpendwa, nisaidie, na kabla hujaendelea ujue kwamba ninachoandika hapa sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, kwamba asubuhi ile baba alipoanguka na baiskeli mimi nilikuwa nimemdanganya kwa neno moja.

Nina miaka kumi na mitano, si msemaji, darasani nikiulizwa swali sauti inakauka hata kama jibu ninalo, na shuleni tunaandika kwa lugha nyingine ambayo ningeweza kuandika "ajali" halafu nikaweka nukta, kama kwenye mtihani, lakini hili limekataa kutoka kwa lugha ile, ndiyo maana nakuandikia kwa hii tunayoongea nyumbani.

Baba alikuwa msoma mita za maji. Kazini walimpa baiskeli ya matairi membamba, na siku tano za wiki alikuwa kwenye lami tupu, lakini Jumamosi alipanda mlimani kwenye mtambo wa maji, na lami ikiishia chini ya mlima, njia ya kule ni kokoto na makorongo. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kubonyeza matairi kwa kidole gumba, la mbele kwanza, halafu la nyuma, na yeye akiwa mlangoni anafunga mguu wa suruali kwa mpira ili usiingie kwenye mnyororo ananiuliza, "Daktari, mgonjwa anasemaje?" na yakiwa magumu najibu, "Jiwe, baba," na yakiwa laini nasema, "Anaomba pumzi," naye anatoa pampu kwenye mkoba wake huku anacheka kama ndiyo kwanza anasikia.

Jumamosi ile nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nasoma kitabu cha kuazima, zimebaki kurasa chache, akauliza swali lake na mimi bila kuinua macho nikasema, "Jiwe, baba." Sikuinuka. Sikubonyeza. Akanigusa kichwa, akaenda.

Wenzake wa kazini ndio walioirudisha baiskeli, wakaiegemeza ukutani, wakaingia ndani kumwambia mama kwamba baba yuko hospitali, na mimi nikabaki nje nikabonyeza tairi la mbele na kidole kikazama mpaka kwenye chuma. Jumatatu baba akafariki. Sasa ni mwezi wa saba tangu afariki na sijui kama lile tairi liliisha pumzi tangu nyumbani au liliisha alipoanguka, na siwezi kumuuliza mtu, maana ukiuliza lazima useme kwa nini unauliza.

Sasa shida yenyewe. Nimepata shule ya mbali, lami mwanzo mpaka mwisho, na mama, ambaye ni fundi cherehani, anataka kuninunulia baiskeli ya kwendea, na Jumamosi mojamoja nitakuwa nawapelekea wateja wake nguo zao kule juu kwenye nyumba za wafanyakazi wa mtambo, kwa njia ileile. Tumeenda dukani mara tatu. Ya lami siwezi hata kuitazama. Nikasema nataka ya milimani, yenye matairi manene kabisa, muuzaji akacheka, "Binti, hiyo kila siku kwenye lami utakuwa kama unavuta ng'ombe. Chukua haibridi, hii ya katikati," nami nikaanza kuitafutia kasoro, mara usukani, mara rangi, mama akasema, "Hata mchumba hachaguliwi hivi, mwanangu." Muuzaji alipoleta futi anipime mguu nikatoka nje nikasimama barabarani.

Mama anadhani naringa. Naye siku hizi haongei sana, anashona, halafu anasimamisha cherehani na kusema peke yake, "Ningemwacha tu amalize chai yake," kisha anaendelea. Shule inafunguliwa Jumatatu ya pili kuanzia leo. Naomba uniambie nichukue ipi, na ni tairi la upana gani ambalo haliwezi kumwangusha mtu.

Barua hii nimeianza mara nne na kila nikisikia mtu naificha chini ya atlasi. Sasa hivi cherehani imenyamaza. Nasikia ndala za mama, zinakuja huku. Atlasi iko karibu na mkono wangu. Naiacha hapohapo ilipo.

Mimi, Daktari wa Matairi


Daktari,

Nikugombeze kwanza, halafu tukae vizuri. Ulisema umebonyeza na hukubonyeza. Ni kosa, na sitakuambia halikuwepo, maana utajua nakubembeleza tu. Lakini ni kosa la mtoto aliyenogewa na kitabu, na wewe kwa miezi saba umelitwika kifo cha mtu. Hapo nakukatalia.

Mimi huu ni mwaka wa kumi na tisa naenda kazini kwa baiskeli. Tairi la mbele likiwa limelala, usukani unakuwa mzito kabla hujafika kona ya kwanza, unausikia kwenye viganja. Baba yako alikuwa mtu wa baiskeli kila siku ya kazi, akakanyaga lami yote ile mpaka chini ya mlima, na pampu ilikuwa mkobani. Angesikia. Angeshuka. Nadhani tairi lile lilikufia kule juu, kwenye kokoto, ambako tairi jembamba huchanika hata likiwa gumu kama ulivyosema. Nimesema nadhani. Sina uhakika, wewe huna, na hakuna atakayetuletea. Utaishi na kutojua huko, na kutauma. Pole sana, mwanangu. Ila asiyejua hajahukumiwa, na wewe ulishajihukumu bila shahidi hata mmoja.

Sasa baiskeli. Tairi lisiloweza kumwangusha mtu halijatengenezwa, acha kulitafuta. Muuzaji wenu anajua kazi yake: chukua haibridi. Ya milimani itakuchosha siku tano kwa ajili ya Jumamosi moja. Tairi liwe na upana wa vidole viwili vya mtu mzima, laini katikati, lenye meno kidogo pembeni. Ukisimama umeipanda kwa kuachanisha miguu, nyayo zote chini, fremu isikuguse. Weka keria ya kufungia nguo, usining'inize mfuko kwenye usukani. Na hili lisikie vizuri: ukifika kwenye kokoto, punguza pumzi kidogo. Tairi gumu kama jiwe linarukaruka pale, laini kidogo ndilo linaloshika njia. Ukiteremka, breki zote mbili, polepole, na palipokushinda shuka usukume. Hakuna anayekuhesabia.

Kuhusu ile chai. Umeniandikia maneno ya mama yako bila kuyasikia. Mtu hawezi kurudia miezi saba kwamba angemwacha mumewe amalize chai kama chai ndiyo inayomsumbua. Alimharakisha. Nyumba moja, watu wawili, kila mmoja amejifungia na asubuhi ileile nyuma ya mlango wake.

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba uende ukamwambie leoleo, kwa mdomo, hata sauti ikikauka. Nimeyafuta. Nilipogeuza karatasi yako nilikuta mwandiko mwingine nyuma, wa penseli butu, kama zile za kuchorea kitambaa: "Mguu wake kutoka unyayoni hadi juu ni sentimeta sabini na nne. Nimempima mwenyewe, alisimama vizuri. Mchagulie. Na mimi nilimwambia baba yake awahi."

Basi, mama, kwa mguu huo mwambie muuzaji akupe fremu ndogo.

Na Jumatatu shule ikifunguliwa, wewe mama simama pale mlangoni umuulize mgonjwa anasemaje. Daktari, inuka, la mbele kwanza, halafu la nyuma, ndipo ujibu. Likiomba pumzi, lipe. Kisha rudini ndani mmalize chai, wote wawili, hadi kikombe kikauke. Shule itasubiri.