Nilimkumbatia Golikipa Mbele ya Mji Mzima, Sasa Mama Mkwe Anataka Haal

Isiolo, 20 Julai 1986

Mshauri wetu mpendwa,

Salaam aleikum. Usinikasirikie kwa kuchelewa kuandika. Jambo lenyewe lilitokea mwezi wa nne na leo tuko mwezi wa saba. Barua hii nimeianza mara nne, mara ya kwanza ikaja Ramadhani, mara ya pili binti yangu Luul akashikwa na surua, mara ya tatu huyu mdogo, Shuriye, akaitafuna barua yenyewe, na mara ya nne niliogopa tu, huo ndio ukweli. Leo wote wawili wamelala mchana, kwa hivyo naandika mbio. Nilisoma mpaka darasa la saba, utanivumilia nikikosea. Na jina langu usilifiche, mji mzima unalijua tayari.

Mimi ni Bisharo, Mborana wa Gotu. Nimeolewa hapa Isiolo katika nyumba ya Wasomali wa zamani, wale ambao babu zao walikuja na jeshi la Mwingereza. Mume wangu Kulmiye anaendesha lori la Moyale. Naishi na mama yake, tunamwita Hoyo Asho, na nakuomba usimfikirie vibaya, maana huyu mama ndiye aliyenikanda nilipojifungua mara mbili, na mpaka leo chakula kikiwa kidogo anasema yeye ameshiba.

Kazi yangu ni kufua jezi za timu yetu ya mji. Mwaka huu timu imepanda ligi ya taifa, wachezaji wanalipwa mshahara kabisa, na vumbi la huu uwanja wetu wanaliogelea kila wiki. Mimi nakwambia, anayefua jezi anamjua mchezaji kuliko kocha. Najua nani anaangukia upande gani, nani anapangusa pua kwenye mkono wa jezi, na namba moja, golikipa wetu Lokwang, Mturkana mrefu kama mlingoti wa bendera, yeye kola yake kila wiki inakuja imegandwa na chingamu ya kijani. Anatafuna miraa na chingamu pamoja, donge kubwa, na akitaka kuwapigia mabeki kelele analitoa na kulibandika kwenye kola. Haitoki bila mafuta ya taa. Nilimwambia mara nyingi, "Lokwang, wewe utanimaliza na hii takataka," naye anacheka tu, "Mama Luul, bila hii ulimi unanikauka golini."

Sasa Jumamosi hiyo ya mwezi wa nne tulicheza na timu ya kampuni moja kubwa kutoka Nairobi. Nilikwenda kungoja jezi, Shuriye mgongoni. Watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya malori. Zimebaki dakika chache, sifuri kwa sifuri, mshambuliaji wao akapiga kombora, Lokwang akalidaka kwa tumbo, mji ukapiga kelele, halafu nikaona amesimama tu. Akaachia mpira. Akashika koo kwa mikono miwili, mdomo wazi na hakuna sauti inayotoka, akapiga magoti, akaenda chini. Wakasema ni ule mpira, umemkata pumzi, kocha akaja na ndoo akammwagia maji usoni, na alipoanza kutupa miguu mtu mmoja akapiga ukelele, "Kifafa! Msimguse!" Na hapa kwetu mtu wa kifafa haguswi, wanasema kinakurukia. Basi wote wakarudi nyuma, hata wenzake wanaokula naye sahani moja. Likawa duara kubwa, yeye katikati peke yake, midomo inageuka rangi ya wino.

Mimi nikaangalia kola. Kola ilikuwa safi.

Mshauri, hapo sikungoja mtu. Nilimfungua Shuriye mgongoni nikamtia mikononi mwa refa, nikamwambia, "Shika," naye akashika, filimbi mdomoni. Baba yangu kule Gotu, mbuzi akikwamwa na kipande cha tunda la mkoma, humsimamisha kwa miguu ya nyuma, hupitisha mikono chini ya mbavu na kuvuta juu kwa nguvu mpaka kitu kitoke. Nimemwona tangu utoto na mwenyewe nimefanya.

"Kocha, nisaidie tumkalishe!"

"Mama, toka hapo, ana kifafa!"

"Ana chingamu! Mshike!"

Hakusogea hata mmoja. Nikamvuta mwenyewe mpaka akakaa, mgongo wake kwenye kifua changu, nikafunga mikono juu ya kitovu chake, nikavuta. Bure. Shash yangu ya kichwani ikaanguka, nikaiacha. Nikavuta tena. Bure. Mara ya tatu nikamwita Mungu kwa Kiborana, nikavuta kama navuta ndoo ya kisima kirefu, na lile donge likaruka likampata kocha kwenye shati jeupe. Lokwang akavuta pumzi, sauti kama lango la bati, na wallahi uwanja mzima uliruka kama tumefunga bao. Refa akapuliza filimbi kwa kusahau, Shuriye akaangua kilio, na Lokwang akafungua macho akaniuliza, "Mpira uliingia?"

"Haukuingia," nikamwambia. "Kilichoingia ni huu uchafu wako."

Watu walinisindikiza wakiimba "Mama Jezi! Mama Jezi!" mpaka karibu na nyumbani. Hiyo ndiyo furaha. Sasa sikia ya ndani.

Kabla sijafika, Hoyo Asho alikuwa ameshasikia kwa mama mmoja mwuza maziwa kwamba mke wa mwanawe amemkumbatia mwanamume uwanjani, kichwa wazi. Kulmiye yeye alisikia akiwa njiani, Laisamis, na habari inayosafiri na malori huongezewa maji kama maziwa, kwa hivyo ilipomfikia mimi nilikuwa nimembusu golikipa. Alifika, akala, akasema, "Niambie." Nikamwambia yote. Akasema, "Sawa." Tangu siku hiyo neno lake ni sawa tu. Chai iko tayari, sawa. Mtoto ameota jino, sawa. Mimi niliolewa na mtu wa mzaha, huyu wa sawa simjui.

Na Hoyo anataka nitoe haal. Kwa Wasomali, haal ni kile mtu anachompa aliyemkosea ili amtulize, na ukikitoa umekiri kosa, halitajwi tena. Anataka mbuzi wangu mmoja aliye kwa baba, achinjwe mbele ya wazee wa nyumba, niseme nimekosa. Hasemi kwa ukali. Anasema huku anamsuka Luul nywele. "Mbuzi mmoja tu, Mama Luul, halafu tupumzike." Mbuzi ninaye. Lakini nikisema nimekosa, nimekosa nini? Kwamba yule mtu anapumua?

Tena chama cha mpira kimeniandikia. Wananipa kozi ya huduma ya kwanza huko Nyeri, wiki tatu, mwezi wa tisa, na mtoto anayenyonya anaruhusiwa, nikirudi niwe nakaa pembeni mwa uwanja na mkoba, kila mechi. Nataka kwenda, sitakuficha. Fomu ina mahali pa sahihi ya mume. Iko chini ya godoro. Nikitoa haal siwezi kwenda, nitaendaje kufundishwa kitu nilichokiri mbele ya wazee kuwa ni kosa? Nisipotoa, nyumba itabaki na ukimya huu. Nimechoka. Nafua, nanyonyesha, na kila mtu barabarani ananipigia makofi isipokuwa watu wawili ninaowapenda.

Nitoe haal, nisitoe? Niambie wazi.

Bisharo, Mama Luul


JIBU

Bisharo,

Ulisema nisikasirike. Nimekasirika. Miezi mitatu hujaandika, na fomu umeilalia kama kuku anayeatamia! Itoe chini ya godoro kabla hujamaliza kusoma mstari huu.

Umeitoa? Haya. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama wima. Pale kwenye kola nilipiga kelele ofisini mpaka wenzangu wakaja. Pole kwa uchovu, mwanangu, na hongera, na hayo mawili ukayaweke pamoja moyoni kwa sababu yote ni haki yako.

Haal usitoe. Nilikwenda kwa sheikh mmoja hapa, sikumtajia jina wala mji. Nilipofika katikati ya maelezo akanikatiza, "Huyo mtu ni mzima?" Nikasema ni mzima. "Basi swali ni nini?" Akarudi kwenye kitabu chake.

Lakini usijifanye malaika. Kosa unalo, ila si hilo unaloambiwa. Watu wote wale waliokuimbia, ulishindwa kumtuma mmoja akimbie kwa Hoyo Asho akamwambie, "Mkwe wako ameokoa mtu, anakuja"? Ukamwacha mama aliyekukanda asikie habari za nyumba yake kwa mwuza maziwa! Na malori yanakwenda Moyale kila siku, hukuweza kumpelekea mumeo maneno yako mwenyewe kabla hajafikiwa na ya kubusu? Kwa hilo umekosa. Kaa chini karibu na Hoyo leo, umwombe radhi kwa kutomjulisha. Kwa kutomjulisha, Bisharo. Usiongeze neno hata moja baada ya hapo, na usitaje mbuzi.

Mbuzi atachinjwa, hilo nakubaliana na mama mkwe wako. Ila hatatoka kwa baba yako. Huyo Lokwang yuko wapi? Miezi mitatu anavuta hewa tu? Ana mama, na Waturkana hawakosi mbuzi. Mwambie aje na mama yake, mchana kweupe, majirani wakiona, na asije kwako, aje kwa Asho. Amshukuru yeye mwenye nyumba. Mama huyo amesikia aibu kwa watu wengi, sasa asikie shukrani kwa mtu mmoja anayehusika. Na kisu akishike Mwislamu, nisije nikasikia mmeharibu jambo jema kwa haraka.

Sasa Kulmiye. Mwanamume wa "sawa" ana swali ambalo anaona haya kuliuliza. Usimweleze tena, maneno ameshasikia mengi. Mwambie asimame. Pita nyuma yake, mshike kama ulivyomshika yule, vuta mara moja, wala usimwonee huruma. Atajua mwenyewe kama huko ni kukumbatiwa. Akishapata pumzi, mpe kalamu.

Kisha nenda Nyeri na mtoto wako mgongoni. Huyo golikipa wako mwambie kutoka kwangu, miraa na lango havikai pamoja. Na ukikosa kitu cha kazi yako mpya, uniandikie mimi, mara moja, si baada ya miezi mitatu.

Bi Umulkheir


Isiolo, 5 Oktoba 1986

Bi Umulkheir,

Safari hii sikuchelewa, nimerudi Nyeri wiki iliyopita tu.

Nilimshika Kulmiye kama ulivyosema. Nilivuta mara moja. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akaangukia kiti. "Hivi ndivyo ulivyomfanya?" Nikamwambia, "Mara tatu." Akasema, "Yarabi! Na bado ni rafiki yako?" Akaanza kucheka, kile kicheko chake nilichokikosa tangu mwezi wa nne, mpaka Luul akaja mbio kuona nini kimetokea. Aliomba kalamu mwenyewe.

Hoyo nilimwomba radhi, akaendelea na tasbihi yake. Nikasema basi, imeshindikana. Ijumaa yake Lokwang akaja na mama yake, wameswaga beberu mweupe mwenye kichwa chekundu katikati ya mtaa, majirani wote mlangoni. Mama Lokwang Kiswahili hana, Kisomali hana. Alimshika Hoyo Asho mkono akauweka juu ya kifua cha mwanawe, akaushikilia hapo, na Lokwang akawa anapumua tu, mrefu vile, ameinama kama mtoto anayepimwa homa. Hoyo aliuacha mkono pale muda mrefu. Halafu akageuka akaniambia, "Mama Luul, unasimama nini? Weka chai. Ya maziwa ya ngamia." Kulmiye ndiye aliyechinja.

Siku hizi Hoyo anawaambia watu kwamba mikono hii yangu imelishwa na yeye. Na ni kweli.

Jana ilikuwa mechi yangu ya kwanza pembeni mwa uwanja. Hoyo alikuja, amekaa kwenye kiti alichokuja nacho, Shuriye mapajani. Beki wao alipasuka paji la uso, nikamfunga, akarudi kucheza. Lokwang hakufungwa hata bao, na leo asubuhi nilipofua jezi yake kola ilikuwa safi na mdomo wake pia nilikuwa nimeukagua mwenyewe kabla ya filimbi. Tulishinda mawili.

Ulisema nikikosa kitu nikuandikie, basi nimekushika kwa neno lako. Mkoba timu imenipa, bado nahitaji hivi:

Mkasi mmoja wenye ncha butu, huu nilionao ni wa kukatia manyoya.

Bendeji za pembe tatu, nne.

Chupa moja ya spiriti, uifunge vizuri maana barabara ni mbaya.

Kitabu cha huduma ya kwanza cha Kiswahili kama kipo, tulichopewa Nyeri ni cha Kiingereza na naenda nacho polepole.

Na lile gazeti lenye jibu lako, nakala moja. Langu amelichukua Hoyo, analiweka ndani ya mkeka wake wa kuswalia, na kila mgeni anayejua kusoma hapewi chai mpaka amsomee kwanza.