Kofi Moja Kabla ya Wimbo

Kawangware, Jumapili

Mama yangu,

Goti limepoa, ama bado linakusumbua ukiinuka? Sisi tuko. Akinyi anaota meno na hatulali, lakini anakula vizuri.

Siku ile kwa simu ulinikaripia, ukasema niachane na kazi ya watu wasionilipa. Sikukujibu kwa sababu mtoto alikuwa analia. Sasa nakujibu.

Ile programu ya kurekodi sauti ni ya bure, na yeyote anaweza kuifungua ndani airekebishe. Tuko wachache tunaoitunza tukitoka kazini. Mimi nachora vile inaonekana, vitufe vikae wapi, na watu wakikwama wananipigia mimi.

Kuna kwaya ya akina mama kule Sarang'ombe, Kibera. Mmoja anauza mitumba soko la Toi, mwingine anafulia watu mtaa wa Satellite, kukutana ni ngumu. Kwa hivyo kila mmoja anajirekodi kwa simu yake, akimsikiliza kiongozi wao, Mama Beryl, kwa earphone. Mama Beryl hupiga kofi moja kabla ya kuimba, nao wanapiga naye. Baadaye wanapanga makofi yalingane, na sauti zote zinaingia pamoja. Hiyo akili ni yao wenyewe.

Juzijuzi tukatoa toleo jipya linalojisafishia mwanzo wa kila rekodi. Kishindo chochote kabla ya sauti, linakata. Kwa anayeanza ni nzuri, sikatai. Lakini kwaya walikuwa wanatengeneza wimbo wa harusi ya binti wa mwenzao, na sauti zikatoka kama kuku waliorushiwa mahindi. Mama Beryl akanipigia: "Atieno, hii mashine yenu imekula kofi langu. Iambie itapike."

Nikaenda kwa Njoroge, anayetuongoza, yule kijana ambaye baba yake ana ploti ya nyumba za kupanga hapa kwetu. Akasema tukimwekea kila mtu kitufe chake, mgeni ataogopa hata kuigusa. Si mtu mbaya, Mama, na hayo maneno hata mimi huyasema. Lakini nilikuwa na Akinyi mgongoni na sikuwa na nguvu ya kuzungushana kwa maneno.

"Toa vitufe viwili nilivyochora mimi," nikamwambia. "Cha kuzima huo usafishaji kinawekwa."

"Na wasipokielewa?"

"Wataniuliza. Kwani saa hii wanauliza nani?"

Akacheka, akasema haya, maswali yote ya hicho kitufe ni yako. Nikasema ni yangu. Vile viwili viliniuma, nilivichora nikinyonyesha. Lakini kitufe kiliingia, wakarekodi upya, na harusini akina mama walisikika kama wameketi benchi moja.

Kwa hivyo siachi. Nimechoka, ndiyo, na bado siachi. Na mtoto simleti huko kwako umlee, ati nipate nafasi. Atakua akiniona nikifanya kazi. Usiudhike, Mama.

Nisalimie Baba, na shangazi anayekuchotea maji, na mdogo wangu Ouma, umwambie arudi shule.

Akinyi analala na ule wimbo uliomrekodia. Mwanzoni unasikika ukikohoa, halafu unamfukuza mbuzi, ndipo unaimba. Lile toleo jipya lingekata yote hayo. Yeye akisikia tu kikohozi, anatulia.

Mrekodie mwingine. Ukitaka kukohoa, kohoa.

Binti yako mkaidi,
Atieno